Kuutayarisha Mwili Kabla ya Kuusafisha: Historia Iliyomo Katika Maneno Yetu

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika mtaa wa Kinama, kaskazini ya jiji la Bujumbura, tumezoea kusikia msemo mmoja ukibeba mzigo wa maneno mengi, nao ni "kusafisha tumbo". Aliyekunywa haluli husema amesafisha tumbo. Aliyekunywa maji ya majani machungu husema hivyo hivyo. Hata aliyeshinda na njaa siku moja hutumia msemo huo huo. Msemo wenyewe hauna kosa, ila umeyafunika maneno mengine ambayo zamani yalitaja hatua mbalimbali za kazi moja. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya hatua moja inayosahauliwa zaidi, yaani matayarisho ya mwili kabla ya dawa ya kusafisha. Neno la hatua likipotea, hatua yenyewe nayo hupotea, na katika mambo ya tiba upotevu huo waweza kugharimu uhai.

Tuanze na Bara Hindi, ambako matayarisho hayo yaliandikiwa kanuni tangu zamani. Elimu ya tiba ya huko huitwa Ayurveda, na katika lugha ya Kisanskriti maana yake ni elimu ya uhai. Vitabu vyake vikuu vya kale ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Humo zimetajwa kazi tano za kuusafisha mwili, ambazo kwa pamoja huitwa panchakarma. Charaka huhesabu kutapisha, kuharisha, aina mbili za kuosha utumbo kwa dawa inayopitishwa chini, na kutia dawa puani. Katika mafundisho ya Sushruta kumo pia kutoa damu. Lakini kabla ya hizo zote ipo kazi ya kutangulia, iitwayo purvakarma. Tabibu aliyeiruka kazi hiyo alihesabiwa kuwa hajui kazi yake.

Kazi ya kutangulia ina hatua zake. Kwanza mgonjwa hupewa chakula chepesi pamoja na viungo vya kuamsha tumbo, kama vile tangawizi na pilipili manga. Pili, hunywa samli iliyotiwa dawa, kwa kipimo kinachoongezwa kila siku, kwa muda wa siku 3 hadi 7, na tabibu humtazama kila siku ajue kama mwili umekwisha kulainika. Tatu, hupakwa mafuta ya vuguvugu na kukandwa mwili mzima, kisha hutiwa jasho kwa mvuke. Hapo tu ndipo siku ya dawa kali huwadia. Na dawa ikisha kufanya kazi, mgonjwa harudii mlo wake wa kawaida mara moja. Huanza na uji mwembamba wa mchele, akapanda ngazi kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Sababu ya mpango huu imeelezwa na Charaka kwa mfano wa ukuni: hata ukuni mkavu, ukipakwa mafuta na kutiwa joto, waweza kupindwa usivunjike. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kuufahamu mfano huo, kwani wahenga wetu nao walisema, "Samaki mkunje angali mbichi." Kilicho kikavu hakikunjwi kwa nguvu. Hulainishwa kwanza.

Fikira hii haikuwa ya Wahindi peke yao. Katika mafundisho yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Kiyunani, imo kanuni kwamba anayetaka kuusafisha mwili hana budi kwanza kuufanya upitishe mambo kwa urahisi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliifuata njia hiyo ya Wayunani. Katika tiba hiyo mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na maji yaliyoharibika hayana budi kuivishwa kwanza kabla ya kutolewa. Wala Waarabu hawakuwa wageni wa elimu ya Kihindi. Ali ibn Sahl Rabban al-Tabari, katika kitabu chake Firdaws al-Hikma alichokimaliza mwaka 850, alitenga sehemu nzima kwa ajili ya tiba ya Wahindi.

Sasa tuyatazame maneno yetu wenyewe, maana ndimo historia hii ilimojificha. Neno balghamu tumelipokea kutoka Kiarabu, nasi hulitumia kwa makohozi mazito. Neno safura nalo lina asili ya Kiarabu, ambako lilitaja nyongo ya manjano. Kwa Waswahili likaja kuwa jina la ugonjwa wa minyoo unaompunguzia mtu damu. Tabibu, haluli na samli ni maneno ya njia hiyo hiyo, na sanamaki ni sana ya Makka. Majina haya yalifika pwani pamoja na bidhaa na vitabu, kwa majahazi ya pepo za msimu.

Lakini tukiyageukia maneno ya kazi ya mikono, tunakuta habari nyingine. Kukanda, kuchua, kufukiza, kutapika, kuhara, na hata nyungu, chombo kinachochemshiwa majani ili mgonjwa ajifunike na kutoka jasho, yote hayo ni ya asili ya Kibantu. Maana yake ni kwamba wenyeji walijua kulainisha mwili na kuutia joto kwa maneno yao wenyewe, na wageni walipoleta dawa mpya za kuharisha walikuta mikono iliyokwisha kufundishwa. Dawa ni rahisi kusafiri, kwani hutiwa mfukoni ikavuka bahari. Mpango wa kuitumia hausafiri hivyo. Huo hubebwa na mtu aliyefundishwa.

Kutoka pwani maneno hayo yalifuata njia za misafara hadi Ujiji, bandari ya ziwa Tanganyika ambako Burton na Speke walifika Februari 1858, na kutoka Ujiji yakapanda kwa mitumbwi hadi ukingo wa kaskazini wa ziwa. Wajerumani walipojenga boma lao la Usumbura mwaka 1897, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya biashara katika pande hizi. Mji huo ndio Bujumbura ya leo. Hapa napo Kiswahili hakikukuta nyumba tupu. Warundi walikuwa na amavuta y'inka, yaani siagi ya ng'ombe, ya kujipaka, na katika tambarare ya Imbo, ambamo Kinama imo, walikuwa na mawese, ambayo kwa Kirundi huitwa amamesa. Mganga wa Kiswahili na umuganga wa Kirundi ni maneno ndugu. Mwanafunzi wa Kinama akifundishwa maneno ya tiba, basi, hafundishwi mambo ya kigeni.

Yafaa sasa tuseme waziwazi kwa nini jambo hili lina uzito leo. Elimu ya sasa imeonyesha kwamba ini na mafigo ndiyo yanayoutakasa mwili kila siku, wala hakuna ushahidi madhubuti kwamba kumharisha mtu mzima wa afya huondoa sumu mwilini. Dawa ya kuharisha hutoa maji na chumvi ambazo mwili unazihitaji. Kwa mtoto mdogo, kwa mzee aliyedhoofika, kwa mja mzito, na zaidi kwa mtu ambaye tayari anahara, yaweza kuwa hatari kubwa. Mji wetu umeonja kipindupindu mara nyingi, na mlipuko uliotangazwa Januari 2023 uligusa jiji la Bujumbura. Mgonjwa wa kipindupindu huhitaji kurudishiwa maji na chumvi upesi na kufikishwa hospitali; anayempa haluli ili "asafike" anamwongezea maradhi. Tena, dawa kuitwa ya asili si dhamana: mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko, wakakuta 14 zina madini ya sumu kama risasi, zebaki au aseniki.

Katika jambo moja, hata hivyo, vitabu vya kale na wauguzi wa leo wanapatana. Charaka hakuanza na dawa, alianza na mtu, akaorodhesha wasiopaswa kuharishwa kabisa, wakiwamo wadhaifu. Swali la kwanza la matayarisho lilikuwa ni hili: je, mwili huu waweza kuistahimili kazi hii? Jibu likiwa hapana, kazi iliishia hapo. Siku hizi chupa ya dawa hununuliwa sokoni bila swali hilo kuulizwa, na tunaiita tiba ya mababu, ilhali kilichobaki ni dawa tu, na busara imeachwa njiani.

Walimu wenzetu tuna sehemu yetu. Hatuwezi kuwa matabibu darasani, wala haitupasi, lakini tunaweza kuyarudisha maneno mahali pake. Mwanafunzi ajue kwamba kuchua si kufukiza, kwamba kutapisha si kuharisha, na kwamba haluli ni jina la dawa moja yenye kazi yake, wala si jina jingine la usafi. Afundishwe kuzipanga habari kwa viungo vya lugha yetu: kwanza, kisha, ndipo, hatimaye. Anayejua kusema "ndipo" hujua kwamba lipo lililotangulia. Mwanafunzi huyo, siku moja nyumbani kwao, atakapoona mtu anataka kumpa dawa kali mtoto anayehara, atakuwa na maneno ya kuuliza kabla kijiko hakijafika mdomoni.