Kupanda mawe bila kamba: Kwa nini mwamba uliolowa ni hatari

Hakuna kamba wala mkanda wa kiunoni. Ni mikono, miguu na godoro chini. Huo ndio mchezo wa boldaringi, yaani kupanda mawe makubwa ambayo mengi hayazidi mita 4 au 5.

Si sawa na kupanda mlima

Kwa mtu wa Dongobesh, Mbulu, kupanda mlima ni kwenda Hanang: volkano ya zaidi ya mita 3,400, na safari ya kutwa nzima. Huku mambo ni tofauti. Jiwe moja linaweza kukumalizia saa mbili, na hatua zenyewe ni sita au saba tu. Unajaribu, unaanguka, unapumzika, unarudi tena.

Mchanga uliogeuka jiwe

Wapandaji wengi wanaupenda mwamba wa mchanga, yaani chembe za mchanga zilizogandamana kwa mamilioni ya miaka. Unakwaruza kama msasa, hivyo kiatu kinashika hata pale pasipo na pa kukanyaga. Vidole navyo vinachubuka haraka.

Afrika, sehemu inayojulikana zaidi ni Rocklands, kwenye milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Wageni hufurika Juni hadi Agosti, kwa sababu kwenye baridi viganja havitoi jasho sana. Ulaya kuna msitu wa Fontainebleau, Ufaransa, ambao madaraja yake ya ugumu yanatumika dunia nzima.

Mvua ikinyesha, subiri

Mwamba wa mchanga hunyonya maji. Ukilowa, chembe zinalegea na sehemu uliyoshika inaweza kumeguka. Utaumia, na kilichomeguka hakioti tena.

Usidanganywe na jiwe kukauka juu. Ndani bado kuna maji. Kawaida husubiriwa siku 1 hadi 3. Chimbua kidogo udongo ulio chini ya jiwe: ukiwa na unyevu, ahirisha.

Mawe ya huku je?

Mawe makubwa ya Mwanza ni ya matale, magumu zaidi na hayanyonyi maji kiasi hicho. Lakini yakilowa yanateleza vibaya.

Na kwenye miteremko mikali, mvua ni hatari kwa kila mtu. Desemba 3, 2023, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Masika si wakati wa kuzurura kwenye makorongo.

Michoro haiguswi

Cederberg kuna michoro ya kale ya Wasan. Tanzania tuna ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Jiwe lenye michoro halipandwi wala kushikwashikwa, maana jasho na chaki vinaiharibu.

Ukitaka kuanza

- Omba ruhusa kwa mwenye eneo au serikali ya kijiji.
- Angalia njia ya kushukia kabla hujapanda.
- Weka godoro nene, ondoa vijiwe chini.
- Uwe na mwenzako wa kukukinga. Kazi yake si kukudaka, ni kukuelekeza uangukie godoro bila kugonga kichwa.
- Ukianguka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa. Usitangulize mkono, utavunjika.