Kumzeesha mwigizaji kwa lateksi: Ipime ngozi kwanza

KATIKA michezo ya kuigiza ya shule na ya vikundi vya mitaani, si ajabu kijana wa miaka 17 kutakiwa aigize babu wa miaka 80. Aghalabu hupakwa unga kichwani na kuchorwa mistari ya wanja usoni, na watazamaji wa safu ya mbele hutambua papo hapo kuwa ni mchoro tu. Lateksi ya maji huondoa kasoro hiyo kwa kuikunja ngozi yenyewe. Kazi hiyo yaweza kufanyiwa nyumbani, hata katika nyumba za Kiswahili za Majengo, Mombasa, mradi tahadhari izingatiwe.

Lateksi ni utomvu mweupe wa mti wa mpira uliotiwa amonia ili usigande. Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa utomvu wa aina hii: katika karne ya 19, mpira uliosafirishwa ng'ambo ulitokana na mmea wa porini unaotambaa, Landolphia kirkii, uliopewa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar. Katika filamu ya Little Big Man ya mwaka 1970, fundi Dick Smith alitumia vipande vya lateksi kumgeuza Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121.

Hatari iliyopo

Protini za utomvu huo huwadhuru baadhi ya watu. Anayewashwa na vibofu vya watoto au glavu za mpira asiiguse kabisa. Anayewashwa mdomo akila ndizi, parachichi au papai, na aliyefanyiwa upasuaji mara nyingi tangu utotoni, wamwone daktari kwanza. Wengine wapake tone dogo upande wa ndani wa mkono na kusubiri saa 24. Vipele au uvimbe vikitokea, mchezo uendelee bila lateksi. Mtu akivimba uso au kupumua kwa shida, akimbizwe hospitalini bila kuchelewa.

Wakazi wa Mombasa wamekwisha kuliona somo hili katika piko: rangi ya nywele inapochorwa ngozini huwababua baadhi ya watu kwa sababu ya kemikali iitwayo parafenilenidiamini.

Hatua za kufuata

Kwanza, nunua lateksi iliyoandikwa kuwa ni ya kupakwa mwilini. Gundi ya viatu au ya mbao si badala yake. Keti barazani au uani, kwani harufu ya amonia huwasha macho na pua chumbani.

Pili, mwigizaji anawe uso na kujikausha. Nyusi, ndevu na ukingo wa nywele vipakwe Vaseline, la sivyo vitang'olewa pamoja na lateksi. Jasho huibandua, hivyo fanya kazi asubuhi au mbele ya feni.

Tatu, msaidizi aivute ngozi ya shavu au paji la uso, nawe upake utando mwembamba kwa sifongo. Usipake kwenye kope wala midomo. Ngozi iendelee kuvutwa hadi weupe utoweke, ishara kwamba lateksi imekauka. Nyunyiza poda kabla ya kuiachilia, maana lateksi hujigandisha yenyewe kwa yenyewe. Ikiachiliwa, makunyanzi hujitokeza. Rudia mara mbili au tatu.

Nne, paka rangi isiyo na mafuta, kwa kuwa mafuta huidhoofisha lateksi.

Kuivua

Baada ya onyesho, loweka kingo kwa maji vuguvugu yenye sabuni, kisha ibandue polepole. Penye nywele, mafuta ya nazi huilegeza. Kuivuta kwa nguvu huchubua ngozi.

Mwalimu au kiongozi wa kikundi afanye jaribio la ngozi siku kadhaa kabla ya onyesho, wala si nyuma ya pazia wakati ukumbi umekwisha kujaa. Babu wa jukwaani huvuliwa makunyanzi yake usiku huo huo. Kijana aliyemwigiza hurudi nyumbani na ngozi ile ile aliyokuja nayo.