Shuwa, Mishkaki na Karafuu: Niliyokula na Niliyojifunza Oman

Naam, nimerudi salama! Wale mliokuwa mkiniuliza nimepotelea wapi: Juni 2024 nilikuwa Oman, nimealikwa kula Idi Kubwa na familia ya rafiki yangu. Nilidhani ningewaletea mapishi ya kuchoma nyama tu, maana kila sikukuu ikikaribia swali ni lile lile: "Safari hii tunapika nini tofauti?" Mapishi ninayo, msihofu. Lakini nimerudi na jambo jingine pia, na hilo halimezeki kirahisi kama nyama.

Tuanze na chakula kwanza.

Sisi Dar Idi yetu ni pilau, kuku, soda, halafu ufukweni. Wenzetu wana ratiba ya siku tatu. Kila eneo lina mtindo wake, lakini nilikokuwa mimi mambo yalikwenda hivi. Idi Mosi asubuhi ni arsia: wali na nyama vinapikwa pamoja mpaka vilainike, vinapondwa mpaka viwe kitu kimoja, kisha samli juu. Mtu wa Unguja au Mombasa akionja atakwambia huyu ni ndugu wa bokoboko, ila bokoboko ni la ngano. Idi Pili ni mishkaki. Wao wanasema mishkak, na wanatunga nyama kwenye vijiti vya makuti ya mtende. Nilipokaa pale uani na moshi machoni nikajiona niko Forodhani.

Idi Tatu ndiyo siku yenyewe: shuwa.

Shuwa ni nyama ya kufukia. Mbuzi, kondoo, ng'ombe, hata ngamia. Inapakwa viungo: kitunguu saumu, giligilani, bizari nyembamba, hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili, siki. Inalala na viungo hivyo usiku mzima au zaidi, kisha inafungwa kwenye majani ya mgomba na kutiwa ndani ya vikapu vya makuti ya mtende. Kijijini kuna shimo la pamoja lililojengewa mawe. Wanaume wanawasha kuni mpaka zibaki makaa mekundu, vikapu vinatupwa ndani, shimo linafunikwa kwa bati zito na udongo juu yake. Kila familia inatia alama kwenye kikapu chake, maana hapo ndani kuna vikapu vya mtaa mzima, na kuchukua nyama ya jirani siku ya Idi si jambo dogo!

Udongo ule ndio siri. Hewa haiingii, moto unakufa, lakini mawe yanabaki na joto. Nyama inaiva polepole kwa siku nzima au mbili, ile mishipa migumu inayeyuka na kuwa ulaini. Ukishika mfupa, unatoka peke yake.

Sasa ngoja niwasimulie kuhusu bibi mwenye nyumba.

Kabla sijasafiri alinitumia ujumbe kupitia kwa mjukuu wake. Hakutaka vitenge wala korosho. Alitaka karafuu za Pemba, nusu kilo. Nilishangaa, maana soko la Mutrah pale Maskati limejaa viungo vya kila aina. Nilipofika nikamsalimu, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu kwetu," kwa Kiunguja safi kabisa, kama mtu aliyetoka Malindi asubuhi ile. Akafungua mfuko, akazinusa zile karafuu, akanyamaza kidogo. Alizaliwa Unguja. Akaondoka akiwa msichana baada ya Januari 1964.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, nisiwachoshe.

Mkarafuu si mti wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Said bin Sultan, aliyetawala Oman tangu 1806, aliona faida yake haraka. Katika miaka ya 1830 akahamishia makazi yake Unguja, na matajiri wa Kiomani wakamfuata na kufungua mashamba. Kufikia katikati ya karne ile Unguja na Pemba zilikuwa zikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu.

Lakini karafuu haijichumi yenyewe. Kila kikonyo kinachumwa kwa mkono kabla ua halijachanua, kinaanikwa juani siku kadhaa. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje, wakapakiwa majahazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria visiwani 1897, Tanganyika 1922. Na Oman? 1970. Ndiyo, umesoma sawa: 1970, miaka 9 baada ya uhuru wa Tanganyika.

Usultani wa Said aliyefariki 1856 uligawanyika rasmi 1861, Zanzibar upande wake na Oman upande wake, lakini familia hazikugawanyika. Zilikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Halafu yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Watu wengi waliuawa, Waarabu kwa wingi, na maelfu wakakimbia. Na kwao Oman hapakuwa mahali pepesi pa kurudi, kwa sababu Sultani Said bin Taimur alikuwa amebana mno kuingia na kutoka. Wengi wakaishia Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza. Mpaka tarehe 23 Julai 1970, mwanawe Qaboos alipomwondoa na kuwaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi. Mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa 1967, lakini nchi nzima ilikuwa na shule 3 na kama kilomita 10 za lami. Waliotoka Zanzibar walikuja na elimu na Kiingereza. Wakashika ofisi, shule, hospitali. Kiswahili kikaingia nao, na mandazi, na chapati.

Ndiyo maana nilikuwa nimekaa uani kwa watu wa Oman nikizungumza Kiswahili bila kukwama.

Usiku wa kuamkia Idi Tatu tulikuwa nje, joto bado kali, nyama iko ardhini. Bibi alikuwa akisimulia Unguja yake: baraza, yasmini, mvua ya masika, shamba la babu yake na harufu ya karafuu zikianikwa. Anasimulia vizuri mno, ukimsikiliza unatamani ungekuwepo. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, asili yako wapi?"

Nikamwambia, "Kusini bibi. Ziwa Nyasa."

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Kwetu shamba walikuwepo watu wa huko. Ndio waliotulea."

Waliotulea. Neno lile limenikaa mpaka leo. Bibi mzaa baba alikuwa akitusimulia juu ya wazee waliohamia milimani na kulala bila kuwasha moto, ili moshi usiwaonyeshe. Sikulisema hilo pale. Nilikuwa mgeni, nimekula chakula chake, na yeye naye aliondoka kwao akiwa mtoto bila hata kuchukua nguo, kwa makosa yasiyokuwa yake. Nikameza mate tu. Baada ya kitambo akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Sikuwahi kuwauliza walifikaje." Basi. Hatukuendelea. Mjukuu wake akaleta kahawa na tende.

Kesho yake tulifukua shuwa. Ilikuwa tamu kuliko nyama yoyote niliyowahi kula, na ndani yake kulikuwa na karafuu zangu za Pemba.

Najua wapo watakaoniambia, "Wewe mwandishi bwana, umealikwa kula umeanza kuchunguza!" Na wapo watakaosema nilipaswa kumjibu bibi pale pale. Mimi naona hivi: sisi vijana tumerithi historia mbili zisizosalimiana. Moja ina bustani na yasmini, nyingine ina minyororo. Kila upande unasimulia yake kwa watu wake. Yule bibi hakosei kuililia Unguja yake. Bibi yangu naye hakukosea. Zote mbili zilitokea kwenye shamba lile lile, chini ya mikarafuu ile ile.

Haya, mapishi niliyoahidi. Kwa watu 10, chukua paja la mbuzi la kilo 3. Saga vichwa 2 vya kitunguu saumu, giligilani vijiko 2, bizari nyembamba kijiko 1, hiliki 10, karafuu 8, kijiti cha mdalasini, pilipili manga na pilipili kavu kwa kadiri unavyopenda, chumvi, siki nusu kikombe na mafuta kidogo. Chanja nyama, ipake mpaka ndani, ilaze kwenye friji saa 24. Pitisha majani ya mgomba juu ya moto yalainike, funga nyama vizuri, kisha zungushia karatasi ya bati mara mbili. Kama una ovena, weka nyuzi 150 kwa saa 6. Kama una uwanja, chimba shimo la mita 1, panga mawe makavu (si ya mtoni, hupasuka), washa kuni mpaka makaa, teremsha nyama, funika kwa bati na udongo pasitoke moshi hata kidogo. Usifungue mpaka kesho.

Uzuri wa shuwa ni kwamba hakuna wa kugeuza nyama wala wa kupepea moto. Mmefukia, mmekaa, mna usiku mzima. Sikukuu hii mimi nitachimba shimo langu nyumbani kwa shangazi yangu, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayekumbuka simulizi za bibi. Yeye atakula nyama. Mimi nitakuwa na daftari.