Elías Figueroa na Hadhi ya Beki wa Kati Amerika Kusini

Miongoni mwa mabeki waliotokea Amerika Kusini katika karne ya 20, Elías Figueroa wa Chile ana nafasi ya pekee, kwa kuwa sifa yake ilijengeka karibu yote ndani ya bara hilo, bila kupitia klabu za Ulaya na bila timu ya taifa yenye makombe ya kumbeba. Alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa bandari wa Valparaíso, na utotoni aliandamwa na maradhi, yakiwemo pumu na polio, hata ikambidi ajifunze upya kutembea. Hata hivyo, alilelewa kisoka na Santiago Wanderers, na akiwa na umri wa miaka 19 tu aliichezea Chile katika Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza.

Mwaka 1967 alihamia Peñarol ya Montevideo, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa bara mwaka uliotangulia, akashinda nayo ligi ya Uruguay mwaka 1967 na 1968. Lakini ni Internacional ya Porto Alegre, kusini mwa Brazili, iliyomfikisha kileleni. Zama hizo beki wa kati, yaani mlinzi anayesimama mbele ya kipa, alisifiwa zaidi kwa nguvu na kwa kubutua mpira mbali. Figueroa aliupokea kwa kifua ndani ya eneo lake la hatari, akainua kichwa, kisha akaanzisha mashambulizi kwa pasi. Husimuliwa kuwa eneo hilo aliliita nyumba yake, ambamo mwenye kuruhusu wageni ni yeye.

Desemba 14, 1975, katika fainali ya ligi ya Brazili dhidi ya Cruzeiro kwenye uwanja wa Beira-Rio, Valdomiro wa Internacional alipiga mpira wa adhabu kutoka upande wa kulia, na Figueroa akaruka na kuutia wavuni kwa kichwa. Sehemu kubwa ya eneo la hatari ilikuwa kivulini, ila mwali mmoja wa jua uliangukia pale pale aliporukia, na kwa hiyo Wabrazili wakaliita bao la nuru. Lilikuwa bao pekee la mchezo, na ndilo lililoipa Internacional ubingwa wake wa kwanza wa taifa, ambao iliutetea mwaka 1976 kwa kuifunga Corinthians mabao 2-0.

Uzito wa kipindi hicho unaonekana zaidi katika tuzo ya mchezaji bora wa Amerika Kusini, iliyotolewa na gazeti la El Mundo la Venezuela, ambayo aliipata mfululizo mwaka 1974, 1975 na 1976. Kwa beki, katika bara lililozoea kuwatukuza wafungaji, huo ni ushahidi mzito kuliko medali nyingi.

Aliporudi nyumbani alijiunga na Palestino, klabu iliyoasisiwa na wahamiaji wa Kipalestina mwaka 1920, akatwaa nayo ubingwa wa Chile mwaka 1978. Kombe lake la tatu la Dunia, nchini Hispania mwaka 1982, lilikuwa chungu: Chile ilipoteza mechi zote tatu, ya mwisho ikiwa dhidi ya Aljeria kwa mabao 3-2. Alimalizia uchezaji wake Colo-Colo ya Santiago, na mwaka 2004 Pelé alimjumuisha katika orodha ya wachezaji bora walio hai, iliyoandaliwa kuadhimisha miaka 100 ya FIFA.