Nyaya za sauti: balansi au za kawaida?

Mteja wa Bujumbura akiagiza "waya wa maiki", usifunge mzigo kabla ya kumuuliza mashine zake zina matundu gani.

Waya wa kawaida una uzi mmoja ndani, na wavu unaouzunguka ndio njia ya kurudia. Plagi zake ni RCA, au jeki ya milimita 6.35 yenye pete moja nyeusi. Unafaa kwa dekki ya DVD na gitaa, ila ukizidi kama mita 6 huanza kuokota mvumo wa umeme wa hezi 50.

Waya wa balansi una nyuzi mbili ndani ya wavu, mmoja ukibeba sauti iliyogeuzwa. Mashine inayopokea huchukua tofauti ya nyuzi hizo, hivyo makelele yaliyoingia kwa zote sawasawa hufutika. Plagi ni XLR ya pini tatu, au jeki ya pete mbili. Kwa kanisa au ukumbi wa harusi, mita 50 si tatizo. Lakini mashine za ncha zote mbili ziwe za balansi. Ukiishia kwenye tundu la RCA, mteja amelipia bure.

Fungua plagi moja katika kila boksi. Ukikuta uzi mmoja tu na wavu, pini 1 na 3 zimeunganishwa, hiyo si balansi hata kama ina XLR.

Forodhani, waya wa maiki uliokwisha fungwa plagi huandikwa kifungu 8544.42.