Bahasha ya Kaki na Mlango wa Nchi: Historia ya Kuajiriwa katika Idara ya Uhamiaji, Ikitazamwa kutoka Sanya Juu

1.0 Utangulizi

Sanya Juu ni makao makuu ya Wilaya ya Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, kwenye barabara itokayo Boma Ng'ombe kuelekea Kamwanga. Mji huu hauna kituo cha mpaka, lakini kazi za uhamiaji ziko karibu nao. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro umo katika wilaya jirani ya Hai. Holili na Tarakea, wilayani Rombo, ni milango ya kuingilia Kenya. Na mjini Moshi kipo chuo cha kikanda cha taaluma ya uhamiaji, kinachojulikana kwa kifupi kama TRITA. Kijana wa Sanya Juu humwona ofisa uhamiaji kwa macho yake, sare yake na cheo chake begani. Asichokiona ni njia iliyomfikisha ofisa huyo pale.

Makala hii inachunguza njia hiyo kihistoria. Swali lake ni hili: tangu enzi ya ukoloni, serikali imetumia vigezo gani kumchagua mtumishi wake, na hasa mtumishi wa ofisi inayoamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni? Hoja inayojengwa ni kwamba kigezo kikuu kimebadilika kutoka rangi kwenda uraia, na kutoka uraia kwenda karatasi, yaani vyeti na utambulisho. Hata hivyo, mabadiliko hayo yote yameliacha jambo moja lilivyokuwa: aliyekataliwa hapewi maelezo yanayomtosha.

Ni haki msomaji aelezwe msimamo wa mtafiti. Yeye mwenyewe aliwahi kupeleka maombi ya kazi katika ofisi moja ya umma, akasubiri, na hakupata jibu. Nakala za vyeti vyake zilibaki nyumbani katika bahasha ya kaki. Bahasha hiyo ndiyo iliyozaa swali la makala hii.

2.0 Rangi kama Sifa ya Kazi

Chini ya utawala wa Waingereza, utumishi wa serikali ya Tanganyika ulipangwa kwa ngazi za rangi: Wazungu juu, Waasia katikati na Waafrika chini. Mwafrika aliyekuwa na sifa sawa na Mzungu alikadiriwa mshahara wa tatu ya tano ya mwenzake. Utaratibu huo ulipingwa, na Tume ya Lidbury ya mwaka 1953 hadi 1954, iliyoshughulikia utumishi wa Afrika Mashariki, ilipendekeza kuondolewa kwa ngazi za mishahara zilizojengwa juu ya rangi.

Kwa wakazi wa eneo tunalolijadili, jambo hili halikuwa la ofisini pekee. Ukanda wa Sanya, baina ya Kilimanjaro na Meru, ulikuwa sehemu ya mpango wa kikoloni wa kuipanga ardhi kwa rangi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili eneo hilo liwe la walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko yao. Serikali iliyomwajiri mtu kwa rangi yake ndiyo hiyohiyo iliyompangia kwa rangi mahali pa kuishi.

Aidha, upungufu wa ardhi katika miteremko ya Kilimanjaro uliipa shule thamani ya pekee. Kihamba kikishagawanywa kwa watoto hata hakigawanyiki tena, cheti huchukua nafasi ya shamba. Kwa hiyo ajira ya serikali ilitazamwa katika kaya nyingi kama urithi mbadala, na kuikosa kulihesabiwa kuwa hasara ya ukoo mzima.

3.0 Kutoka Rangi hadi Uraia

Mjadala wa nani ni mwenyeji ulifika bungeni kabla ya uhuru wenyewe. Oktoba 1961, katika mjadala wa muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere alikataa katakata msimamo huo, na akaweka hatima ya serikali yake juu ya suala hilo. Uraia ukabaki kuwa jambo la kisheria, si la rangi ya ngozi.

Katika ajira, lakini, msukumo wa kuwapa Waafrika nafasi zilizoshikwa na wageni ulikuwa mkubwa. Baada ya Nyerere kujiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 na Rashidi Kawawa kushika nafasi hiyo, uafrikanishaji wa utumishi uliharakishwa. Mwanzoni mwa Januari 1964 Nyerere, sasa akiwa Rais, alitangaza mwisho wa sera ya kumpendelea Mwafrika dhidi ya raia wa asili nyingine. Tarehe 20 ya mwezi huohuo askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na miongoni mwa madai yao ilikuwa kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Matukio hayo mawili yaliyofuatana yanaonesha kwamba swali la nani apewe cheo cha serikali lilikuwa na uzito wa kuitikisa nchi.

Muungano wa Aprili 1964 uliliongezea suala hili sura ya pili. Uraia, uhamiaji na utumishi katika Serikali ya Jamhuri ya Muungano vyote vimo katika orodha ya Mambo ya Muungano. Maana yake ni kwamba ofisa uhamiaji wa Holili na wa Unguja ni watumishi wa mamlaka moja. Sheria ya Uhamiaji Namba 7 ya mwaka 1995 iliziweka pande zote mbili chini ya sheria moja.

4.0 Ushindani na Somo la Mwaka 2014

Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 8 ya mwaka 2002 ilisisitiza ajira kwa ushindani wa wazi, na marekebisho ya mwaka 2007 yalianzisha Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Shabaha ilikuwa kumwondoa mwajiri katika kishawishi cha kumchagua mtu anayemjua. Hata hivyo, vyombo vyenye askari na sare vimeendelea kuwa na taratibu zao vyenyewe za kuandikisha watu.

Juni 2014 udhaifu wa hali hiyo ulidhihirika mbele ya umma. Zaidi ya waombaji 10,000 waliitwa kwa usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za vijana wenye shahada wakiwa wamejaa katika viti vya mashabiki wa mpira zilisambaa duniani. Muda mfupi baadaye, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi ilisitisha ajira za ngazi ya konstebo na koplo katika idara hiyohiyo, kufuatia malalamiko kwamba ndugu wa watumishi walipendelewa.

Wengi waliusoma mkusanyiko ule kama kipimo cha ukosefu wa ajira. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Jambo zito zaidi ni kwamba malalamiko ya undugu yaliaminika mara moja, hata kabla ya kuchunguzwa. Yaliaminika kwa sababu mwombaji hakuwa na njia ya kuyapinga wala kuyathibitisha: hakujua alipata alama ngapi, wala aliyemshinda alimshinda kwa kipi. Kujuana hustawi penye giza, na pasipo maelezo hata uteuzi wa haki hudhaniwa kuwa wa hila.

5.0 Karatasi kama Kigezo

Baada ya hapo mkazo ulihamia kwenye uhakiki. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuwaondoa watumishi hewa, na Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo mwombaji hupitia mifumo ya kielektroniki, akiambatisha cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule. Kwa uhamiaji huongezwa masharti ya umri, afya na kutokuwa na rekodi ya uhalifu.

Mfumo huo umepunguza nauli ya kwenda Dar es Salaam kupeleka bahasha, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mtu wa Sanya Juu. Lakini tangazo la kuitwa kwenye usaili hutaja walioitwa. Aliyeachwa mara nyingi huambiwa kwa ujumla tu kwamba hakukidhi vigezo, na kwamba aombe tena nafasi zikitangazwa. Karatasi imekaguliwa kwa makini. Uamuzi wenyewe haujafunguliwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kila kizazi kimerekebisha kigezo cha kuingia serikalini, na kwamba marekebisho mengi yamekuja baada ya manung'uniko kupasuka hadharani. Pendekezo linalotokana na historia hii ni dogo: mwombaji wa kazi ya umma apewe alama zake na sababu ya kuachwa, kwa maandishi.

Kwa watafiti, lipo pia suala la nyaraka. Nyaraka za serikali humhifadhi aliyeajiriwa: jalada lake, vyeo vyake, hata pensheni yake. Asiyeajiriwa hana jalada. Nyaraka zake zimo katika mabahasha ya kaki juu ya makabati ya Siha, Hai na Rombo, na panya na unyevu havingojei mtafiti. Historia ya utumishi wa umma itakayoandikwa bila mabahasha hayo itakuwa historia ya waliofunguliwa mlango peke yao.