Gisenyi: Mji Uliojengwa na Wavukaji

Sensa ya tano ya Rwanda, iliyotumia usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti 2022 kuwa kipimo chake, iliipa wilaya ya Rubavu wakazi 546,683. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 403,662. Wilaya hii, ambayo eneo lake halifiki kilomita za mraba 400, imeongeza zaidi ya theluthi moja ya watu wake ndani ya muongo mmoja, na msongamano wake unakaribia mara tatu ya wastani wa taifa zima. Ukishuka kwa barabara kutoka misheni ya Nyundo kuelekea Gisenyi, mji mkuu wa wilaya, huhitaji kuambiwa. Nyumba zimefuatana mpaka Ziwa Kivu, na mashamba yamebanwa katikati kama vichochoro.

Lakini kuna hesabu nyingine. Kabla ya UVIKO-19, watu wapatao 50,000 walikuwa wakivuka kila siku kwenye Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani kati ya Gisenyi na Goma, mji jirani wa Kongo, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Piga hesabu mwenyewe: kwa siku kumi na moja tu, idadi ya waliovuka inalingana na wakazi wa wilaya nzima. Mwenye kutaka kujua Gisenyi inakula nini, inasema lugha gani na imewapata wapi watu wake, aanzie hapo kwenye wavukaji. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla mpaka haujawekwa.

Katika karne ya 19 nchi hii iliitwa Bugoyi, na wenyeji wake Wagoyi walikuwa wakulima waliozoea pia biashara ya masafa. Kaskazini mwa Ziwa Kivu palikutana bidhaa za pande tatu. Kutoka Rwanda zilikuja ng'ombe, mbuzi na maharage. Kutoka kaskazini ilikuja chumvi ya maeneo ya Ziwa Edward. Kutoka magharibi, upande wa pili wa ziwa, zilikuja butega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea na Watembo wa msituni, ambazo wanawake walizivaa miguuni kwa wingi. Butega zilikuwa pambo, na zilikuwa pesa vilevile: zilifungwa mafungu, zikahesabiwa, zikanunua mbuzi. Mwanahistoria David Newbury, aliyeichunguza biashara hiyo, ameonyesha kuwa masoko ya pwani za Kivu yaliendeshwa na watu wa kawaida, wala hayakuwa ya kifalme. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaodhani mkataba na ofisi ndivyo vilivyowaleta watu hawa pamoja.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliikatiza Rwanda, akaonana na Mwami Rwabugiri, kisha mwezi Juni akafika ufukwe huu na kuupanda mlima wa volkano Nyiragongo. Baadaye Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Gisenyi. Mwaka 1910, wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikutana Brussels wakagawana eneo lote la Kivu. Goma ikawa ya Wabelgiji, Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, na kisiwa cha Idjwi kikapelekwa Kongo. Mstari ulipita katikati ya majirani waliokuwa wakioana na kukopeshana. Miaka minne tu baadaye mstari huo ukawa uwanja wa vita: Wajerumani waliteka Idjwi mwaka 1914, na pande mbili zikapigana hapa hadi Wabelgiji walipoingia Gisenyi mwaka 1916.

Mstari huo ulipochorwa, Nyundo ilikwisha kuwapo kwenye ramani. Mapadri Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1901, mwaka mmoja baada ya misheni ya Save, na kituo hicho kikawa mzizi wa Ukatoliki wa kaskazini magharibi. Mwaka 1952 Nyundo ilipewa askofu wake, Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika makoloni yote ya Ubelgiji. Huyu hakuwa mchungaji wa roho tu. Alikusanya methali, hadithi na mila za Wanyarwanda kwa miaka mingi, na mwaka 1954 alianzisha gazeti la watoto, Hobe, kwa Kinyarwanda. Katika miaka hiyohiyo Nyundo ilipata shule ya sanaa, na vizazi vya wachongaji na wachoraji wa Rwanda vimepita hapo. Mwaka 2014 iliongezwa shule ya muziki, ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga.

Chini mjini ulikuwa ulimwengu mwingine. Misafara ya biashara na jeshi la Wajerumani viliwaleta watu wa pwani, Tabora na Ujiji: wachuuzi, askari, wapishi, makarani. Hao ndio waliopanda Uislamu na Kiswahili hapa. Wabelgiji, waliokuwa na wasiwasi na Uislamu, waliwatenga katika mitaa yao, lakini kutengwa huko hakukukizuia Kiswahili kuwa lugha ya soko. Kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, Gisenyi haikuwa na la kujifunza. Mchuuzi wa hapa huanza bei kwa Kinyarwanda, akasikia mteja ni wa Goma, akahamia Kiswahili cha Kongo bila hata kuvuta pumzi.

Wabelgiji walijenga nyumba za mapumziko kando ya ziwa, wakapanda miti ya kivuli, na mandhari hiyo hadi leo ndiyo inayouza vyumba vya hoteli. Lakini walifanya jambo zito zaidi. Kuanzia 1937 hadi 1955 walihamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwenda Masisi, upande wa Kongo, ili kupunguza msongamano na kupata vibarua wa mashamba. Wajukuu wa waliohamishwa ndio waliokuja kuambiwa kwamba si Wakongo. Mgogoro unaoitikisa Kivu Kaskazini hivi sasa una mzizi wake mmoja katika uhamisho huo wa kikoloni.

Kiwanda kikubwa cha kwanza kilikuja mwaka 1957: Bralirwa, watengenezaji wa bia ya Primus, walijenga kwenye ufukwe wa kusini mwa mji. Kilichokifanya kiwanda hicho kuwa cha pekee ni nishati yake. Katika maji ya kilindini ya Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 500, kumejikusanya takribani kilomita za ujazo 60 za gesi ya methani, pamoja na kaboni dioksidi nyingi zaidi ya hapo. Mwaka 1963 kituo kidogo cha Rubona kilianza kuvuta maji ya kilindini, kuitenga gesi na kuipeleka kwenye matanuri ya kiwanda cha bia. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza: maji ya chini yakianza kupanda bombani, shinikizo hupungua, gesi hufoka yenyewe na kuyavuta mengine nyuma yake. Leo mtambo wa Shema Power, wenye uwezo uliokusudiwa wa megawati 56, unazalisha umeme kwa kanuni hiyohiyo katika wilaya hii. Ziwa linalotishia maisha ya mamilioni endapo gesi yake italipuka ndilo linalowasha taa zao. Sijui mji mwingine unaoishi na jirani wa namna hiyo.

Tarehe 20 Septemba 1976 marais wa Rwanda, Burundi na Zaire walitia saini mjini Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake yakawekwa hapahapa. Jumuiya hiyo imezimika na kuwaka mara nyingi, lakini imewaachia watu wa mpakani kitu kimoja cha thamani: mazoea kwamba mtu wa kawaida anaweza kuvuka kwa karatasi ndogo, akauza, akarudi kulala kwake.

Kisha ukaja 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia kanisa kuu na seminari ya Nyundo waliuawa humo. Mjini Gisenyi watu walipelekwa kuuawa kwenye makaburi yaliyobandikwa jina la Commune Rouge, ambako leo kuna kumbukumbu yao. Serikali iliyoendesha mauaji ilikimbilia Gisenyi, na mwezi Julai, jeshi la waasi wa RPF lilipokaribia, watu zaidi ya 800,000 walivuka kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu yao juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki kaburi. Novemba 1996 umati ulirudi kwa barabara ileile, mamia ya maelfu kwa siku chache, wakipita chini ya Nyundo wakielekea Ruhengeri. Mwaka uliofuata, waasi waliowafuata nyuma walishambulia mara mbili, Agosti na Desemba, kambi ya Mudende iliyokuwa na wakimbizi Watutsi kutoka Kongo, na mamia waliuawa.

Wapo waliorudi na ng'ombe. Familia zilizofukuzwa Masisi ziliingia msitu wa Gishwati, ambao ulikuwa umekwisha kukatwa sana kwa miradi ya ufugaji ya miaka ya 1980. Msitu uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 ulibaki na 600 hivi. Hawakuwa na kwingine kwa kwenda, na siwezi kuwalaumu. Lakini mto Sebeya unakusanya maji yake kwenye vilima hivyo vilivyovuliwa miti, kisha unapita Nyundo ndipo uingie Kivu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha bila kukoma, Sebeya ikafurika, ikapita juu ya kingo na kuingia vyumbani watu wakiwa wamelala. Nyumba za rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, zililainika kuanzia chini: ukuta ulinyonya maji, ukatanuka, ukaketi, bati likashuka. Kote nchini walikufa watu zaidi ya 130, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya zaidi. Mbegu moja ya mafuriko hayo ilipandwa na vita vya ng'ambo. Tangu hapo mamlaka zimehamisha kaya zilizokuwa kando ya mto, na upandaji miti katika msitu wa Gishwati, ambao sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Gishwati-Mukura, umekuwa jambo la uhai na kifo kwa mtu wa Nyundo.

Turudi kwenye riziki. Vilima vya Pfunda vina chai na kiwanda chake. Mudende, Busasamana na Bugeshi, kwenye udongo mweusi wa volkano, vinatoa viazi, karoti na maziwa. Usiku ziwani wavuvi wanatafuta sambaza, dagaa walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, miti mirefu hutokeza mbele na nyuma kama sharubu, wavu hushushwa katikati chini ya mwanga wa taa, na wapiga makasia huimba ili wote wavute kwa mpigo mmoja. Asubuhi sambaza wanapimwa kwa ndoo ufukweni, na sehemu yao kubwa inavuka mpaka kabla jua halijapanda.

Pale Petite Barrière utawaona wote pamoja. Mama mwenye beseni la karoti amelifunika kwa kanga. Kijana anasukuma kiti cha magurudumu matatu kilichosheheni magunia, na mwenye kiti, mtu mwenye ulemavu wa miguu, ameketi juu ya mzigo akiongoza njia, kwa kuwa walemavu wamezoea kupata unafuu wa ushuru na wamejipangia ajira kutokana na hilo. Upande wa Goma zinasubiri chukudu, baiskeli za mbao zisizo na pedali. Kutoka Goma zinarudi vitenge na nguo za mitumba. Rwanda ilipopandisha ushuru wa caguwa, yaani mitumba hiyo, mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, viroba vya nguo vilianza kupenyezwa usiku na wale wanaoitwa wacoracora. Sera ilikusudiwa kulinda viwanda vya nguo Kigali, na gharama yake ikaangukia wanawake wa Gisenyi walioishi kwa mitumba. Kwa maoni yangu walistahili kushauriwa kwanza.

Riziki ya namna hii hukatika ghafla. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya Ebola kufika Goma, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, na tafrani iliyotokea iliwaonya wote. Machi 2020 ulifungwa kwa muda mrefu, na wafanyabiashara waliporuhusiwa tena walitakiwa kuvuka kwa vikundi, mzigo wa wengi ukipelekwa na mmoja. Wenye mtaji wa siku moja walikula mtaji. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka kama ilivyolipuka Januari 2002, maelfu wakakimbilia Rubavu, na mitetemeko ikapasua kuta za Gisenyi yenyewe. Kila mara wenyeji waliwafungulia majirani milango, kwa sababu wengi ni ndugu wa damu.

Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, na mabomu yaliyodondoka upande wa Rwanda yaliua zaidi ya watu kumi. Mabenki ya Goma yalifungwa. Wakazi wa mji wenye watu zaidi ya milioni moja wakaanza kuvuka kuja Gisenyi kutoa na kutuma pesa, na nyumba za kupanga mjini zikajaa familia za Kongo. Bandari mpya ya Rubavu ilikuwa imefunguliwa wiki chache tu kabla, ikitegemea mizigo ya ziwa lote. Hakuna hata mmoja kati ya Wakongo hao aliye ndani ya zile 546,683, na wilaya inawapangia maji, shule na zahanati kwa kuzitegemea tarakimu za 2022.